Maoni Yetu: Kunakili ubaoni si kuandika

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Septemba 2019, na hakurudia darasa hata mara moja, alimaliza la sita mwaka 2025. Huyo ni mtoto wa kwanza wa elimu ya msingi bila malipo. Aliingia shuleni mwaka ambao serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutimiza ahadi iliyokuwa imelala ndani ya Katiba tangu 2006. Sasa amefika sekondari. Katika eneo letu la Banalia, jimboni Tshopo, yuko Banalia mjini, yuko Bengamisa, yuko Panga na Kole, na wadogo zake wako njiani.

Mtoto huyu hakupita njia nyepesi. Darasa lake lilijaa pomoni. Machi 2020, herufi zenyewe hajazimaliza, corona ikafunga shule. Desemba mwaka huohuo zikafungwa tena hadi Februari. Baadaye ikaja migomo ya walimu waliodai haki yao. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10, watoto 97 hawawezi kusoma maandishi mafupi na kuyaelewa. Wako watakaobishana na kipimo hicho. Mwalimu wa darasa la saba, mwaka wa kwanza wa sekondari, hana haja ya kubishana. Anawaona wakati wa kusoma kwa zamu: kidole kinafuata neno, silabi zinatoka moja moja, sentensi inaisha, na ukiuliza imesema nini, darasa zima kimya.

Kwa hiyo tunasema: kila shule ya sekondari katika eneo la Banalia iwe na mpango wa kusoma na kuandika, wa mwaka mzima, unaomfunga kila mwalimu na si yule wa Kifaransa peke yake. Kipimo cha mpango huo kiwe chepesi kiasi kwamba mzazi yeyote anaweza kukiulizia: mtoto wangu amesoma kurasa ngapi mwenyewe, na ameandika kurasa ngapi zilizotoka kichwani mwake?

Leo jibu la swali la pili, kwa wanafunzi wengi, ni karibu na sifuri. Tusidanganywe na madaftari yaliyojaa.

Tazama somo la jiografia katika shule isiyo na vitabu. Mwalimu anaingia, anafungua daftari lake la zamani, anaandika kichwa cha somo ubaoni, kisha anaanza kutoa imla: koma, nukta, mstari mpya. Dakika zinakwenda hivyo. Wa mbele wanamsikia vizuri. Wa katikati wanaandika wanachodhani wamesikia. Wa nyuma, ambao hawamsikii, wala hawaoni ubao kwa sababu ya mwanga hafifu na vichwa vya wenzao, wanachungulia daftari la jirani. Neno likikosewa benchi la tatu, limekosewa hadi ukutani. Kengele inalia. Kila mtu ana ukurasa uliojaa, mwalimu ametia saini jarida lake la darasa, na hakuna aliyesoma wala kuandika chochote. Wamenakili. Usiku mwanafunzi anawasha tochi na kukariri makosa yaleyale, kwa kuwa daftari hilo ndilo kitabu chake pekee.

Hatumlaumu mwalimu. Asipokuwa na kitabu cha kuwapa wanafunzi, imla ndiyo njia ya kuwaachia kitu mkononi. Lakini lazima tukubali matokeo yake: miaka sita ya sekondari inamfundisha kijana kuwa karani wa maneno ya mtu mwingine.

Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nao, Exetat yetu, unasukuma upande huohuo. Katika siku nne za kikao cha kawaida, utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya mchepuo, mtahiniwa huchagua jibu kati ya majibu aliyowekewa. Insha ya Kifaransa ipo, lakini hufanywa kando, kabla ya kikao hicho, na shule nyingi huikumbuka majuma machache kabla ya siku yake. Shule hufundisha kinachopimwa zaidi, na kinachopimwa zaidi ni kuchagua. Ndiyo maana kijana anaweza kupata diploma yake, akamwagiwa poda na kubebwa mabegani, na juma linalofuata akaenda kwenye kibanda cha kuchapisha na fotokopi kumlipa mtu amwandikie barua ya kuomba kazi.

Wako wanaoona hili ni jambo dogo kwa eneo lenye matatizo makubwa: barabara ya Kisangani hadi Buta inayokatika mvua zikizidi, kivuko cha mto Aruwimi, umeme usiofika, vijana wanaoacha shule kwenda kuchimba dhahabu na almasi. Sisi tunaona kinyume. Matatizo hayo makubwa ndiyo yanayodai watu wanaojua kusoma na kuandika.

Mwaka 2021 homa ya uti wa mgongo ililipuka katika kanda ya afya ya Banalia. Serikali ilipotangaza mlipuko tarehe 8 Septemba, waliokwisha kufa walikuwa wamezidi 100. Siku kama hizo kila kijiji kinahitaji mtu wa kupokea tangazo la wizara lililoandikwa kwa Kifaransa, kulielewa bila kubahatisha, na kuliandika upya kwa lugha ya watu wake: dalili ni hizi, nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho. Mtu huyo, katika vijiji vyetu, ni mwanafunzi wa sekondari au hakuna.

Chukua msitu. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inaitaka kampuni inayokata mbao iandikiane na wenyeji hati ya majukumu yake kwao: barabara, shule, zahanati, usafiri wa watu na mali zao. Hati hiyo ni kurasa nyingi za Kifaransa cha wanasheria. Wazee hukalishwa mezani, husomewa, hutia saini. Mwaka ukipita bila zahanati kujengwa, wa kufungua hati na kuonyesha kifungu kilichovunjwa ni nani? Na wa kuandika malalamiko kwenda kwa msimamizi wa eneo, yenye tarehe, madai na ushahidi, ni nani? Kijana aliyezoea kuchagua jibu moja kati ya matano hawezi kazi hiyo. Kijana aliyezoea kusoma aya na kueleza kwa maneno yake inasema nini, anaiweza.

Na chukua historia. Tarehe 19 Julai 1888 Meja Edmund Barttelot, Mwingereza aliyeachiwa kikosi cha nyuma cha msafara wa Henry Morton Stanley, aliuawa kwa risasi hapa Banalia. Habari zake zilizungumzwa sana Uingereza, na Stanley akazisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1890. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyekuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, aliacha maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mmoja alieleza mambo kwa namna iliyomfaa. Watu wa Aruwimi, ambao ardhi yao ndiyo iliyopitiwa, ambao chakula chao ndicho kilichochukuliwa, simulizi lao limebaki midomoni mwa wazee. Mzee akifa, linakwenda naye. Wa kuliweka kwenye karatasi ni wajukuu wake waliokaa leo kwenye madawati.

Uwezo wa kufanya hivyo hauhitaji shule ya kifahari. Patrice Lumumba alifika Stanleyville, Kisangani ya sasa, mwaka 1944, akafanya kazi posta akiwa hana shule ya sekondari. Alisoma kila alichokipata. Aliandika makala katika La Voix du Congolais na magazeti mengine, na akasimamia jarida la chama cha wafanyakazi wa posta wa jimbo letu la wakati huo. Kabla ya hapo misheni ya Wabatisti ya Yakusu, chini kidogo ya mto kutoka Kisangani, ilikuwa na matbaa yake na kuchapa gazeti kwa Kilokele. Tshopo ilikuwa na wasomaji na waandishi wakati ambapo usafiri ulikuwa mgumu kuliko wa leo.

Sasa mpango wenyewe. Tunautaja kwa hatua ambazo shule yenye ubao, chaki na walimu wake inaweza kuzianza Septemba hii bila kungoja mtu.

Kwanza, shule ijue inaanzia wapi. Katika majuma mawili ya mwanzo, kila mwanafunzi mpya wa darasa la saba akae na mwalimu mmoja kwa dakika tano, asome kwa sauti. Njia hii tunaijua Afrika Mashariki: mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009, umeitumia Tanzania, Kenya na Uganda, ukipita nyumba kwa nyumba. Mtoto hupewa herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi yenye maswali, na huandikwa pale alipoishia. Shule ifanye hivyo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili au Lingala, kwa lugha ambayo mtoto amechagua. Isifanywe mbele ya wenzake, na matokeo yasibandikwe ukutani. Kijana wa miaka 13 aliyechekwa kwa kushindwa kusoma hatafungua mdomo tena mwaka mzima.

Wale walioishia kwenye maneno wasiachwe wazame ndani ya masomo 12. Wapewe kikundi chao, nusu saa kabla ya masomo, mara tatu kwa juma, pamoja na mwalimu mwenye subira, wasome kuanzia pale walipo. Ni aibu ya shule, si ya mtoto, kumfundisha kanuni za sarufi ya Kifaransa mtu ambaye bado anaunganisha silabi.

Pili, dakika 20 za kusoma kila siku, shule nzima, kwa saa ileile. Mwalimu naye asome, mbele yao. Siku sita kwa juma, hizo ni saa mbili. Hakuna imla, hakuna maswali, hakuna alama. Mwanafunzi anasoma, akimaliza anaandika kwenye daftari dogo jina la kitabu na idadi ya kurasa.

Watasoma nini? Swali hili ndilo linaloua mipango mingi, nasi hatulipuuzi. Jibu ni sanduku la bati lenye kufuli, vitabu 50 au 60, na mwanafunzi wa kuandika nani amechukua nini. Hadithi za African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, zinapatikana bure kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzichapisha. Mwalimu anayeshuka Kisangani kufuata mshahara anaweza kurudi na nakala zilizopigwa fotokopi na kushonwa kwa uzi. Ni fupi na nyepesi, zinawafaa hasa walio nyuma. Kwa walio mbele, wapo wachapishaji wetu kama Médiaspaul wa Kinshasa wenye riwaya na vitabu vya mafunzo. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) na wa chuo cha ualimu (ISP) cha Kisangani waliotoka Banalia wana vitabu vinavyokusanya vumbi nyumbani. Wenzao wa chuo cha kilimo cha Bengamisa wako ndani ya eneo hilihili. Waombwe kwa barua, na barua hizo waziandike wanafunzi.

Atakayesema barabara haipitiki atazame Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Huko idara ya taifa ya maktaba ilipakia vitabu juu ya ngamia na kuwafuata watoto wa wafugaji jangwani. Sisi tuna pikipiki, tuna mitumbwi ya Aruwimi. Shule nne zikibadilishana masanduku yao, la Banalia likaenda Bengamisa mwezi unaofuata, kila shule inapata vitabu vya shule nne kwa bei ya sanduku moja.

Tatu, kila somo liandike. Mara moja kwa juma, kila mwalimu atoe swali moja linalojibiwa kwa aya moja ambayo haikutoka ubaoni. Wa hisabati: eleza kwa maneno ulivyofika kwenye jibu. Wa biolojia: chuma jani la muhogo lenye ugonjwa wa batobato, uliweke mezani, andika unachokiona, rangi yake, mikunjo yake, na linavyotofautiana na jani zima. Wa jiografia: eleza jinsi mtu na mzigo wake wanavyovuka Aruwimi, kuanzia wanapofika ukingoni hadi wanapopanda ng'ambo, kwa mpangilio ambao mgeni anaweza kuufuata. Wa historia: muulize babu au bibi jambo moja lililotokea kabla hujazaliwa, liandike, na utaje nani amekwambia.

Maswali haya yana sifa moja: jirani wa dawati hana jibu la kunakiliwa. Kila mtu ana jani lake, ana bibi yake.

Hapa mwalimu atauliza, na ana haki: nitasahihisha saa ngapi? Mwalimu mwenye madarasa matatu ya wanafunzi 60 ana aya 180 kwa juma. Kwa dakika mbili kila moja, ni saa sita, na hazilipwi. Kwa hiyo asisahihishe zote. Achukue madaftari kumi kwa kila darasa kila juma, kwa zamu, na katika madaftari hayo afuate kosa la aina moja tu: juma hili herufi kubwa na nukta, juma lijalo upatanisho wa kitenzi na kiima. Mengine yasomwe na wanafunzi wenyewe wawili wawili, kila mmoja akimwandikia mwenzake swali moja: hapa sikuelewa, ulitaka kusema nini? Baada ya majuma sita kila daftari limepita mikononi mwa mwalimu. Ukurasa uliojaa wino mwekundu haumfundishi mtu. Unamfunza kuogopa kalamu.

Nne, lugha. Mtoto wa Banalia hulala katika lugha ya kwao, huuza sokoni kwa Lingala au Kiswahili, na hufanya mtihani kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa nafasi lugha za taifa na lugha za mazingira ndani ya shule, nasi tunaomba nafasi hiyo itumiwe hadi sekondari. Maandishi yakishasomwa kwa Kifaransa, yajadiliwe kwa lugha ambayo darasa linaielewa. Aya ya kwanza iruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili au Lingala, kisha iandikwe upya kwa Kifaransa. Mtu asiye na wazo hawezi kuliandika kwa lugha yoyote, na wazo humjia mtoto kwanza katika lugha anayoijua. Shule inayomvisha mtoto alama ya aibu kwa kuongea Lingala uwanjani inamfundisha kunyamaza, na mnyamavu haandiki.

Redio itusaidie. Radio Okapi inatangaza habari kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba tangu 2002. Kundi la wanafunzi watano lisikilize taarifa ya asubuhi, liandike mambo matatu iliyoyataja, na kesho yake liyasome mbele ya darasa kwa Kifaransa. Zoezi hilo linadai sikio, akili na kalamu kwa pamoja, na gharama yake ni betri.

Tano, maandishi ya wanafunzi yasomwe na watu. Mtoto anayejua kwamba insha yake itaishia kwenye kabati la mwalimu huiandika kwa mkono mzito. Kila mwezi shule itoe gazeti la ukutani, ubao wa mbao penye kupita watu: bei za soko, hali ya kivuko, matokeo ya mechi ya Jumapili, mahojiano na mkunga au fundi pikipiki, simulizi moja la mzee. Wahariri wawe wanafunzi, wasichana na wavulana nusu kwa nusu, na wabadilike kila mwezi. Kosa la tahajia likionekana na kijiji kizima, litasahihishwa mapema kuliko kwa fimbo.

Sita, mpango upimwe. Jaribio lilelile la dakika tano lirudiwe mwishoni mwa Januari na mwishoni mwa Juni. Prefe, yaani mkuu wa shule, aite mkutano wa kamati ya wazazi, awaambie bila kuficha: Septemba, wangapi waliishia kwenye maneno, leo, wangapi wanasoma hadithi na kuijibu. Kisha wanafunzi wachache wasimame wasome walichoandika. Baba na mama wengi waliokaa kwenye mabenchi hayo hawakupata bahati ya kusoma. Wanalipa ada ya sekondari kwa jasho la mpunga na mihogo. Wana haki ya kusikia kwa masikio yao kile walichokinunua.

Tunajua upinzani utakaokuja, na tunaujibu.

Watasema muda wa vipindi hautoshi, programu ya taifa ni ndefu. Programu inayomalizwa na mwalimu peke yake haijamalizwa. Mwanafunzi anayesoma kwa haraka na kuelewa ataifidia saa hiyo mara nyingi, kwa sababu ataweza kujisomea.

Watasema wazazi wanataka asilimia za Exetat. Sawa. Maswali ya kuchagua nayo husomwa. Mtahiniwa asiyeelewa swali hubahatisha, hata kama majibu yote anayajua kichwani.

Watasema walimu hawajalipwa. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na hatulifuniki. Katika shule zetu wamo walimu ambao mwezi unapita bila jina lao kuonekana kwenye orodha ya malipo ya serikali, na wanaishi kwa kile ambacho wazazi wanachanga. Mpango huu haupaswi kuwa mzigo mwingine mgongoni mwao. Ndiyo maana tumependekeza madaftari kumi na si 60, dakika 20 za kimya badala ya somo jipya la kuandaa. Lakini serikali isije ikafanya uvumilivu wa walimu kuwa sera. Mwalimu aliyefanya kazi alipwe, na wasiolipwa waingizwe kwenye orodha.

Serikali ina deni jingine, la vitabu. Januari 2018 Kenya ilianza kuvipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja hadi milango ya shule za sekondari, ikiwaruka madalali. Miaka mitatu kabla, katika mpango wake wa Tusome, iliweka kitabu mkononi mwa kila mtoto wa madarasa ya chini, ikampa mwalimu mwongozo, na ikamtuma ofisa wa elimu kumtembelea darasani. Vitatu hivyo vilikwenda pamoja. Kitabu bila mwongozo hulala stoo. Mwongozo bila mtu wa kutembelea husahaulika. Wizara ya Kinshasa, ambayo sasa imebeba pia jina la uraia mpya, ianze na hapo: raia asiyeweza kusoma hati anayotia saini atabaki raia wa kuhesabiwa wakati wa kura.

Wakaguzi nao. Mkaguzi afikapo Banalia, mara nyingi huomba makaratasi: mgawanyo wa mada, fiche za maandalizi, jarida la darasa. Aombe pia madaftari matano ya wanafunzi, ayachague mwenyewe, na atafute ndani yake ukurasa mmoja ambao haukunakiliwa. Asipouona, aandike hivyo kwenye ripoti yake. Siku wakaguzi watakapoanza kuuliza swali hilo, shule zitaanza kulitafutia jibu.

Mwisho, wajibu wa kila mmoja. Prefe aitishe kikao cha walimu wote kabla ya kengele ya kwanza ya Septemba, na mpango utoke kwenye kikao hicho ukiwa na majina: nani anapima, nani anashika ufunguo wa sanduku, nani anasimamia gazeti. Mwalimu wa kila somo aandae maswali manne ya aya kwa mwezi wa kwanza. Kamati ya wazazi inunue sanduku na kufuli. Wana wa Banalia walioko Kisangani, Kinshasa na ng'ambo watume vitabu kabla ya kutuma jezi. Mkaguzi aseme mapema kwamba atakuja kutazama madaftari. Wizara ilete vitabu na ilipe walimu.

Na mzazi, hata kama hujui kusoma, jioni hii mwambie mtoto wako afungue daftari, akusomee ukurasa alioutunga mwenyewe. Akikosa ukurasa wa kukusomea, Jumatatu nenda shuleni ukaulize kwa nini.